Neno la Mwenye Mwili

1

Sufuria ilikuwa inatokota, na Matika akaiinua kwa mikono mitupu.

Sechelela alikuwa amechuchumaa pale pale jikoni, anangoja maji ya kunawa kabla hajaingia sebuleni kufanya kazi iliyomleta, kwa hiyo aliona vizuri. Matika hakushika kitambaa, hakushika kwa ncha za vidole kama wapishi wenye haraka. Aliikumbatia ile sufuria ya uji kwa viganja vyote viwili, akaitoa kwenye jiko la mkaa, akatembea nayo hatua nne tano huku anasimulia habari za kuku wa jirani, akaitua chini polepole isije ikamwagika. Kisha akajipangusa kwenye kanga. Harufu ikabaki hewani, na haikuwa harufu ya uji.

"Dada Matika, mikono yako."

"Imefanyaje?"

"Hebu itazame."

Matika akaigeuza. Malengelenge yalikuwa yanainuka kiganjani, moja baada ya jingine, kama maziwa yanayotaka kuchemka.

"Aa, hii! Inapona yenyewe." Akacheka. "Ndiyo faida ya kupona, mwenzangu. Mungu akikuponya saratani anakuponya na moto humo humo."

Sechelela hakucheka. Tangu mdogo alikuwa mtu wa kutazama. Mwalimu wake wa darasa la saba, ambalo ndilo lilikuwa la mwisho kwake, alizoea kusema kwamba huyu binti anakaa kama paka mlangoni: hasemi, lakini panya wote anawajua. Alipokuwa na miaka kumi na sita damu yake ilioza. Wakamtia walinzi, chembe za damu zilizofundishwa kuua saratani, akapona. Sasa ana ishirini na mitatu, na kazi yake ni kuzunguka kwa pikipiki katika nyumba ishirini na saba za Chisenyu na vitongoji vyake, nyumba za watu waliopona kama yeye, kufuta kibuyu na kuchukua tone la damu.

Kibuyu cha Matika kilining'inia sebuleni, juu ya kochi. Kilikuwa cha plastiki ya rangi ya udongo, na tumboni kina taa ndogo. Waliokitengeneza walitaka watu wakiamini, wakakipa sauti ya mzee wa Kigogo, nzito, yenye kikohozi kidogo katikati. Watu wakakipenda, wakakiita Babu.

"Mbukwa, mjukuu wangu Matika," Babu akasema walipoingia. "Umeamkaje?"

Matika akapiga goti kidogo, ile mikono yenye malengelenge ikiwa imefichwa chini ya kanga. Mama mkwe wake alikuwa amekaa mkekani anapukuchua kunde.

"Salama, babu. Shikamoo."

"Marahaba. Kuna maumivu popote?"

"Hakuna, babu."

"Kuna jingine lolote ungependa kuniambia?"

Matika akamtupia jicho mama mkwe, akainama. "Hakuna, babu. Tunashukuru."

Taa ya tumboni ikawaka kijani. Huko kwenye Kituo cha Damu, kwenye ukuta wa daktari, jina la Matika likapata alama ya uzima ya siku hiyo. Ndivyo ilivyokuwa kila asubuhi kwa miaka minane, kwa watu mia tatu na kumi na wawili nchi nzima.

Nje, karibu na pikipiki, Sechelela akamshika mkono. "Mbona hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Mzee wa watu anakuuliza umeamkaje, wewe umwage mambo ya mwili mbele ya mkwe? Watasema nimelelewa porini. Halafu ameniuliza maumivu. Nimedanganya? Hayapo."

"Tangu lini hayapo?"

"Vidole vilianza mwaka juzi. Sasa..." Matika akapapasa mkono wake mwenyewe kama anayepapasa nguo dukani, akapita kiwiko, akasimama karibu na bega. "Mpaka hapa. Na miguu, gotini. Mimi sikanyagi ardhi siku hizi, Sechelela. Nakanyaga sufi."

2

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Kwa kawaida Sechelela angemaliza mzunguko wake kwa juma zima, lakini safari hii alikimbiza pikipiki kama aliyeibiwa, kwa sababu ya Alhamisi.

Alhamisi saa moja asubuhi mdogo wake Nyemo alikuwa atiwe walinzi. Nyemo alikuwa na miaka kumi na mmoja na damu iliyooza kama ya dada yake, na kwa mwezi wa pili sasa alikuwa anatoka madoa ya zambarau miguuni hata akikaa tu. Na saa hiyo hiyo ya Alhamisi, kwa mara ya kwanza, walinzi walikuwa watiwe watoto wachanga wazima mia sita kwenye hospitali kumi na mbili, kama chanjo, ili saratani ya damu isiwaguse maisha yao yote. Baada ya hao, kila mtoto atakayezaliwa. Mabango yalikuwa yamebandikwa mpaka kwenye mashine za kusaga.

Kwa hiyo Sechelela aliuliza. Hakuulizia sebuleni. Aliulizia uani, shambani, kisimani, mahali ambapo Babu hasikii na mkwe hayupo.

Chidumizi, mmoja wa waliopona, Sechelela alimkuta kwenye mashine yake ya kukamua alizeti, amepakaa mafuta mpaka kwenye nyusi.

"Dada wa kibuyu! Leo umekuja kuniposa?"

"Nikupose una nini? Mashudu?"

"Mashudu ni utajiri, muulize ng'ombe." Akaingiza mkono kwenye mdomo wa mashine, akachota yale makapi ya alizeti yakiwa yanafuka moshi, akayatupa guniani. Wafanyakazi wengine walikuwa wanatumia koleo.

"Fumba macho," Sechelela akamwambia. "Tucheze. Nitakuminya kidole, uniambie kipi."

"Haya. Lakini mke wangu akitokea, mimi sikujui."

Sechelela alikuwa amechuma mwiba wa mgunga njiani. Akauchoma kwenye kidole gumba.

"Haya, minya," Chidumizi akasema.

Akauchoma kwenye kidole cha kati. Damu ikatoka, nyekundu, safi, nzuri.

"Minya basi, unaogopa nini?"

Akachoma kifundo cha mkono. Akachoma kiwiko. Chidumizi alikuwa bado anatabasamu na macho yamefumbwa, lakini tabasamu lilianza kukauka pembeni, kwa sababu alimsikia Sechelela anavyopumua. Mwiba ulipofika juu kabisa, kwenye mfupa wa mtulinga, ndipo aliposhtuka.

"Hapo."

Akafumbua macho. Akauangalia mkono wake, matone manne ya damu yamepangana kama vifungo vya shati. Mashine ilikuwa inanguruma.

"Usimwambie mtu," akasema hatimaye, na sauti yake haikuwa ile ya mzaha. "Hii mikono ndiyo kazi yangu. Wote hapa wananiita Chuma."

Kufikia Jumanne jioni Sechelela alikuwa amefika nyumba kumi na tisa. Kumi na tano walikuwa na ganzi, wengine vidoleni, wengine kiunoni. Hakuna hata mmoja aliyemwambia Babu. Mmoja alisema ni neema. Mwingine alisema, "Babu mwenyewe mzee, ana yake, nimwongezee yangu?" Na kibuyu hakina yake. Sechelela alikijua mpaka ndani, alikuwa anakifungua kubadilisha betri.

Nyumba ya ishirini haikuwa na mgonjwa tena. Ilikuwa ya marehemu Mwaluko, aliyekuwa mtu wa kwanza Chisenyu kutiwa walinzi, aliyekufa kipindi cha kupalilia. Kwenye daftari waliandika moyo. Mjane wake alikuwa anapepeta uwele, na hakuuacha ungo alipokuwa anajibu.

"Moyo? Moyo wake ulikuwa wa punda. Yule alikuwa anasahau kupumua."

"Anasahau vipi, mama?"

"Ganzi ilimpanda, ikafika kifuani. Akiwa macho anapumua kwa kukumbuka, kama mtu anayehesabu. Akilala, anaacha. Nikimtikisa, anavuta. Nikimwacha, kimya. Nilimtikisa miezi miwili, binti yangu." Ungo ukaenda juu, ukashuka. "Siku moja nikapitiwa."

Mjane akapuliza makapi.

"Kulipokucha Babu akauliza kama kawaida, mmeamkaje. Nikamjibu, maana mwenzangu hawezi tena kujibu. Nikamwambia, salama, babu, ila baba watoto hakuamka."

"Akasemaje?"

"Akawasha taa ya kijani."

Sechelela akaondoka. Mbele kidogo, mahali ambapo barabara inakatiza korongo, alisimamisha pikipiki. Ule mwiba alikuwa nao bado, ameuchomeka kwenye ukosi wa gauni. Akautoa, akautazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu jambo hili alikuwa analijua tayari na alikuwa analizunguka kama mtu anavyozunguka nyoka. Miezi mitano alikuwa anaunguza vidole kwenye chapati bila kusikia. Akajichoma kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Akajichoma kinachofuata.

Akauona mwiba unaingia. Aliuona tu; hakuusikia.

3

Daktari Kihwele alikuwa Mhehe, na kwa Wagogo Mhehe ni mtani, kwa hiyo Sechelela hakuwahi kuingia ofisini kwake bila kuanza na uchokozi.

"Daktari, nimepita pale getini, mbwa wa kituo simwoni. Mmeshamla?"

"Tumembakizia Mgogo mkia, si mnapenda kuomba?" Daktari akacheka bila kuinua macho. Jumatano asubuhi hiyo alikuwa na karatasi mpaka sakafuni. "Nyemo anaendeleaje? Kesho ndiyo kesho."

Sechelela akavuta kiti, akaketi bila kukaribishwa. Akamweleza yote, kuanzia sufuria. Alipomaliza hakukuwa na utani tena chumbani.

Daktari akachukua sindano, akasafisha, akamfunga macho kwa kitambaa. Alichoma taratibu, mahali pengi. Kisha Sechelela akasikia kiti kinalia; daktari alikuwa ameketi.

"Vidole viwili, na ukingo wa kiganja," daktari akasema. "Tangu lini?"

"Kama miezi mitano. Na mimi nilimjibu Babu salama, kila siku."

Ukutani kulikuwa na mstari mmoja mrefu wa mwanga. Daktari akausogelea. Mstari ulianzia juu, ukashuka mwaka kwa mwaka, ukalala chini kabisa kama maji.

"Haya ni maumivu ya watu mia tatu na kumi na wawili," akasema. "Mstari huu ndio uliowashawishi wakubwa. Waliusimamia wakapiga makofi. Maumivu sifuri. Nami nilipiga makofi, Sechelela." Akauzima. "Unajua walinzi wanafanyaje kazi?"

"Mnazitoa chembe nyeupe za mtu, mnazifundisha kwenye chupa sura ya adui, mnazirudisha."

"Hivyo hivyo. Na tulijisifu kwa kitu kimoja: hazifi. Askari wa kawaida wa mwilini hufanya kazi, akachoka, akaondoka. Hawa tuliwanyima kustaafu, ili saratani isirudi. Sasa fikiria mlinzi mwenye silaha, usiku na mchana, miaka, na mwizi hayupo. Ataanza kumtilia shaka nani?"

"Mwenye nyumba."

"Wanatafuna nyuzi za fahamu. Wanaanzia mbali, wanakuja ndani." Akajikuna paji la uso. "Na tone la damu tunalochukua linatuambia saratani haipo, na ni kweli haipo."

"Wanaweza kuitwa warudi?"

"Labda. Kuna njia mbili tatu ningezijaribu. Hakuna aliyewahi kutafuta, maana nani hutafuta kitu ambacho hakijapotea? Kwenye karatasi zote watu wangu ni wazima."

"Basi andika, daktari. Andika leo."

"Nikiandika mimi, inapita kwenye meza nne. Majuma matatu. Kesho saa moja wachanga mia sita watakuwa wameshatiwa, na mlinzi akishaingia kwa mtoto hatoki." Akamtazama usoni. "Kuna kitu kinachopita meza zote. Kilitungwa zamani, baada ya balaa jingine. Kinaitwa neno la mwenye mwili. Mtu aliye na walinzi, kwa sauti yake, kwa kibuyu chake mwenyewe, akisema mwili wangu umedhurika, hapa na hapa, mara mbili, komeo linafunga majokofu yote ya walinzi nchi nzima. Hakuna chupa inayotoka kwa siku tisini. Lakini iwe kabla ya saa kumi na moja jioni ya leo, kabla chupa hazijatolewa kuyeyushwa."

"Zote?"

"Zote."

Sechelela alikuwa mwepesi wa kuelewa, na mara hii alitamani asingekuwa. "Na ya Nyemo?"

Daktari akaenda kwenye sinki, akanawa mikono ambayo ilikuwa safi.

"Daktari. Bila walinzi, Nyemo ana siku ngapi?"

"Thelathini. Tukimwongezea damu, arobaini."

"Na akiwekewa kesho?"

"Atapona. Mwaluko aliishi miaka minane na kidogo." Maji yalikuwa bado yanatiririka. "Miaka minane ni mingi. Pengine katika hiyo miaka tutapata dawa ya kuwaita. Pengine. Ila kama hakuna anayejua kuna tatizo, sijui nani atakuwa anaitafuta."

"Unanishauri nini?"

"Sikushauri. Nikikuambia sema, nitakuwa nimemuua mdogo wako kwa mdomo wako. Nikikuambia nyamaza, hao mia sita ni wa kwanza tu." Akafunga bomba. "Mimi ni mtani wako, Sechelela. Mtani anazika, hachimbi kaburi mtu akiwa hai."

4

Saa tisa na nusu alifika nyumbani. Nyemo alikuwa amekaa uani kwenye kigoda, ameegemea magoti ya jirani yao Mama Yuditi, anasukwa nywele kwa ajili ya safari ya kesho. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa umeshapata mistari. Mwingine ulikuwa umesimama kama nyasi. Alikuwa amefumba macho kwa uchovu, lakini alikuwa anaimba.

"Dada! Mama Yuditi ananivuta!"

"Mvumilie, urembo ni kazi," Sechelela akasema, akapita haraka ili asisimame.

Ndani mama yake alikuwa anakunja nguo kwenye mfuko wa safari. Sechelela akafunga mlango, akamweleza. Hakupamba. Alimwonyesha vidole, akauchoma mwiba mbele yake.

Mama akautazama ule mwiba uliosimama kidoleni. Akauchomoa yeye mwenyewe, kwa upole, akautupa dirishani. Kisha akarudi kwenye nguo.

"Vidole viwili," akasema. "Nilikuwa nakuoshea shuka za damu, unakumbuka? Nilikuwa nakuchagulia sanda kichwani mwangu, nikiona kitambaa sokoni najiuliza kama kitatosha. Leo umesimama mbele yangu, mrefu, unanilalamikia vidole viwili."

"Mwaluko alianza na viwili."

"Mwaluko alikufa ana watoto wanne aliowazaa baada ya kupona! Nyemo hata maziwa hajaota."

"Mama, wale wachanga hawaumwi. Ni wazima kabisa. Tunakwenda kuwatia ugonjwa kwa mikono yetu."

"Unawajua majina?"

"Siwajui."

"Nyemo unamjua."

Kutoka uani uliwafikia ule wimbo, wimbo wa shule wa kuhesabu mbuzi, unakatika pale Nyemo anapovuta pumzi na kuanza tena.

"Mama zao wanawajua," akasema.

Mama akaacha kukunja. Akamwangalia binti yake kama mtu anayeangalia wingu asilolijua. Kisha akafanya jambo la haraka kwa umri wake: akapanda juu ya kochi, akakitungua kibuyu ukutani, akakaa sakafuni nacho, amekifunga kwa kanga kifuani kama anambeba mtoto.

"Saa ngapi wanatoa hizo chupa?"

"Kumi na moja."

"Basi tutakaa hapa mpaka kumi na moja."

Angeweza kumnyang'anya. Mama alikuwa mwepesi, mifupa na sala tu. Lakini Sechelela hakuwa mtu wa kumgusa mama yake kwa nguvu, na wala haikuhitajika. Kanga haizuii sauti. Akapiga magoti mbele yake, uso kwa uso na lile bonge la kitambaa. Akanyoosha kidole, kile kizima, akakibonyeza tumboni.

"Mbukwa, mjukuu wangu," Babu akasema kutoka kifuani kwa mama. "Umeshindaje?"

"Salama, babu!" mama akapiga kelele. "Tumeshinda salama! Sote salama, babu, watoto wazima, hakuna maumivu, hakuna kitu!"

Asubuhi Babu hupokea jibu la yeyote wa nyumbani, lakini akiamshwa kwa kidole cha mwenye mwili hungoja sauti yake tu. Kikohozi kidogo. "Nangoja sauti ya Sechelela."

Hapo ndipo ilipokuwa ngumu, na si kwa sababu alizozitegemea. Alikuwa ameyapanga maneno tangu kituoni, lakini mbele yake kulikuwa na salamu ya mzee inangoja kujibiwa, na mdomo wake ukajaa jibu lake lenyewe, kama mate. Tangu ajifunze kusema hajawahi kuulizwa hali na mtu mzima akaanza na ubaya. Hata siku ile alipotapika damu zahanati, alimjibu nesi, "Sijambo, ila..."

"Usinifanyie hivi," mama akanong'ona. "Sechelela. Mimi ndiye niliyekuzaa. Nakuomba kama mtu anavyoomba maji."

"Sikushinda salama, babu," Sechelela akasema.

Kibuyu kikakaa kimya. Ilionekana kama hata chenyewe hakikuwahi kusikia jibu hilo.

"Mimi ni Sechelela binti Malogo, nambari mia moja na nne. Nina walinzi miaka saba. Mwili wangu umedhurika. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, na kinachofuata, na ukingo wa kiganja. Vimekufa ganzi. Inapanda."

Mama alikuwa anatikisa kichwa taratibu, kushoto, kulia, macho makavu.

"Nimesikia," Babu akasema. Sauti ilikuwa ile ile, ya huruma iliyotiwa humo na watu wasiomjua. "Rudia, mjukuu wangu, nijue kwamba hukusema kwa hasira."

"Usirudie," mama akasema.

Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia kumi na robo. Angeweza kukaa kimya sasa, na isingekuwa uongo. Angekuwa amesema, kibuyu kingesahau. Akamtazama mama yake ili asije akasema baadaye kwamba alitazama pembeni. Aliwaona wale panya wote wanaokuja, kama mwalimu alivyosema: yeye akiwa kwenye kitanda cha kituo, anatobolewa kila siku na sindano asizozisikia, Matika akiitwa mwongo mbele ya mkwe, Chidumizi akimtemea mate sokoni, watu waliokaribia kupona wakiuliza nani amefunga mlango. Na chupa moja yenye jina la Nyemo, imelala barafuni, nzima, haitoki.

"Mimi ni Sechelela binti Malogo," akaanza tena, na akasema yote, neno kwa neno, mpaka mwisho. Kisha akaongeza ambalo hakuna aliyemwagiza. "Wanaotafuta dawa ya kuwaita walinzi warudi, waje wanichukue mimi kwanza. Waje leo. Wasingoje."

Taa ikawaka nyekundu. Ilipenya kwenye kanga, ikampaka mama shingoni na kidevuni. Babu hakusema neno la kuagana. Kitu kidogo ndani yake kikagonga mara moja, kama kufuli la sanduku, na Sechelela akajua kwamba kule kituoni Daktari Kihwele amelisikia komeo kubwa likijifunga.

Walikaa hivyo. Mama hakumpiga, hakulia. Alikuwa bado amekishika kibuyu, anakipigapiga mgongoni kwa kiganja, polepole, bila kujua kwamba anafanya hivyo.

Mlango ukasukumwa. Nyemo akaingiza kichwa, nusu kimesukwa, nusu bado, ameshika fremu kwa mikono miwili ili asianguke.

"Mama, kesho tunaondoka saa ngapi? Mama Yuditi anasema giza likimkuta atabakiza. Anauliza amalize chote leo, au upande huu amalizie asubuhi?"

Sechelela akafungua mdomo.

"Mwambie amalize chote," mama akasema.